Uzi Chini ya Bawa

Ndege ilisimama katikati ya ukumbi wa makumbusho, imezungushiwa kamba. Kibao kilisema: "Ndege ya majaribio ya kufundishia marubani. Iko hii moja tu. Iliundwa na mafundi saba." Chini yake majina saba, yote ya wanaume.

Bi Mize alikisoma mara mbili, kisha akainama akapita chini ya kamba.

"Bibi, hairuhusiwi kugusa!" mlinzi akamfokea.

"Kugusa? Mabawa haya ni kitambaa, mwanangu. Nani alikishona? Hao saba hata kifungo hawajui kushona!"

"Kila anayeingia humu ana lake, bibi."

"Haya. Kila mshonaji wa mji huu ana alama yake. Yangu ni uzi mwekundu, naupitisha upande wa chini. Chungulia. Usipouona, nishike mkono unitoe nje."

Mlinzi akapiga magoti huku akicheka, akamulika tochi chini ya bawa. Kicheko kikakatika.

"Endelea, baba," Bi Mize akasema. "Mimi nilitambaa hapo miezi minne."

Mlinzi akatambaa akiufuata ule uzi mwekundu, mshono kwa mshono, kuelekea ncha ya bawa, na uzi ulikuwa bado haujaisha.