Daftari la Mlango

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Jumapili iliyopita, nikichambua mchele. Yeye ndiye anayeendesha ile mashine ya kupiga picha za ubongo. Majina hakunitajia, kazi yao hairuhusu, nami sikumng'ang'ania. Basi mume na mke hao tuwaite Fundi na Mama Pacha.

Mama Pacha alifika mapokezi na daftari kifuani, mumewe nyuma kama mtu anayepelekwa kuchanjwa.

"Daktari, mgonjwa wenu huyu hapa. Ana ule wasiwasi wa kurudiarudia mnaoutafiti. Akishafunga mlango na kupanda kitandani, anaamka kwenda kuangalia kama kweli umefungwa. Mara saba!"

Akafungua daftari. Miezi minane yote ilikuwa mle, mistari kwa rula, wino mwekundu: saba, saba, tisa, saba, kumi na moja. Daktari alisema hajawahi kuletewa kumbukumbu safi namna ile. Mama Pacha akavimba kichwa kidogo.

Walikuwa wanatafuta watu kumi na wawili wenye ugonjwa huo. Wapigwe picha, ijulikane ni kipande gani cha ubongo kinachokataa kutulia, kisha wafundishwe taratibu kuuacha mlango ukae. Nafasi ilibaki moja, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha.

"Akiikosa hii, nahamia kwa dada yangu," alisema Mama Pacha. "Begi nimeshafunga. Pacha wameshaoa, sina wa kunizuia. Miaka ishirini na sita sijalala, daktari, kwa miguu ya mtu huyu kwenda na kurudi."

Fundi, ambaye kazi yake ni kutengeneza makochi, alikuwa anabonyezabonyeza benchi alilokalia.

"Sponji ya hili ilishakufa," alisema. "Wa kulala hapa ni maiti tu."

Fomu ilikuwa na maswali arobaini. Daktari alimuuliza Fundi, akajibu Mama Pacha.

"Unatokwa jasho ukijizuia kuangalia?"

"Anatokwa! Tena anaguna."

La mwisho ndilo lililomfikia mwenyewe. "Unaingia kwa hiari yako? Ukitaka kuacha hata katikati, unaacha, hakuna wa kukulaumu."

"Mke wangu akibaki nyumbani," alisema Fundi, "mimi naingia hata kwenye tanuri."

Mjukuu wangu akamwambia avue kila kitu cha chuma. Mkanda, saa, pete. Ufunguo akampa mkewe.

"Huu ndio wa mlango mkubwa?"

"Ndio."

"Wenyewe?"

"Wenyewe, mama."

"Na tulifunga?"

"Tulifunga."

Mjukuu wangu alimhurumia sana yule mama. Akawaza, ndiyo hivyo, ukiishi na mgonjwa miaka yote hiyo, na wewe unaambukizwa.

Mashine ile ina kelele kama karakana ya mabati. Mle ndani Fundi alionyeshwa picha za milango, mmoja mmoja: uliofungwa, ulio wazi, uliorudishwa tu bila kufungwa. Wale kumi na mmoja wengine, wakiuona huo uliorudishwa tu, ubongo uliwaka kama jiko lililopulizwa. Wa Fundi ulikaa kimya. Kwenye picha ya kumi akapitiwa na usingizi.

Wakamjaribu kwa mlango wa kweli. Funga, keti, usirudi kuangalia kwa dakika kumi. Mwenzake wa juzi alilia dakika ya pili. Fundi alifunga, akaketi, akauliza kama kuna chai.

"Mama, huyu ni mzima," daktari alisema. "Siwezi kumchukua."

"Mzima! Semeni mashine yenu ni mbovu! Mliichomeka vizuri?"

Wakaenda kuangalia. Ilikuwa imechomekwa.

"Hebu kaangalieni tena."

Wakaangalia tena, maana yule mama ni mtu mzima na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Fundi akanyoosha mkono amshike. Mkewe akaukwepa, akatoka nje kumpigia dada yake simu amtandikie kitanda.

Daktari akabaki na Fundi na lile daftari. Akalifunua upya. Saba, saba, tisa. Uongo haupigiwi rula namna ile.

"Nisaidie, Fundi. Ukiwa kitandani, kabla hujainuka, ni kitu gani kinachokuambia mlango haujafungwa?"

"Hakuna. Najua nimefunga."

"Sasa mara zote saba unainukia nini?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Si naulizwa?"

Saa tisa alasiri ile, nafasi ya kumi na mbili ikajaa. Mama Pacha aliitwa ndani, akaweka sahihi, akauliza kama ameiweka penyewe, akavua pete, akamrudishia mumewe ufunguo, akaingizwa kwenye mashine. Mara sauti yake ikatoka kwenye spika: "Baba Pacha, tulifunga?" Ikatoka tena. Mjukuu wangu akachungulia kwenye korido amwite aje ajibu, akamkuta kajinyoosha kwenye lile benchi la sponji iliyokufa, ufunguo kifuani, anakoroma.