Bangili za Kona Yetu

Siku hizi mbio za magari hubaki kwenye kalenda ya dunia kwa kipimo kimoja tu: hofu ya watu wanaoishi kando ya njia. Sote tunavaa bangili zinazosoma mapigo ya moyo, na kamati iliyo ng'ambo inalinganisha hofu yetu na ya Wafini na Wareno. Nchi yenye hofu kidogo inaondolewa.

Sisi watu wazima tumeshayazoea magari. Kwa hiyo mwaka jana mume wangu alimchukua binti yetu, Resian, akamsimamisha pembeni kabisa ya kona. Mtoto alijikojolea. Kijiji kizima kilipiga makofi, na mwenyekiti akaja kunywa chai kwetu, akampapasa kichwa kana kwamba amefaulu mtihani. Nilitamani kukitemea mate kikombe chake.

Leo Resian alisimama palepale akitafuna mahindi. Gari lilimrushia changarawe usoni. Akajipangusa, akaendelea kutafuna.

Jioni mwenyekiti alikuja amekunja uso.

“Mama Resian, bangili ya mtoto inasema moyo wake ulitulia tu. Imebaki siku ya kesho. Tukiondolewa, maji waliyotuletea watu wa mbio watayakata.”

“Wayakate,” nikasema.

Mwenyekiti alikuwa akimwangalia mdogo wa Resian, aliyelala mgongoni mwangu.

“Huyu ameanza kusimama?”

“Juzi tu,” mume wangu akajibu kwa fahari. “Na anashtuka hata mlango ukigongwa.”