Baruti Mbichi

Hokororo alimlenga kulungu kwa gobore lake, akiwaza supu ya mkewe aliyejifungua juzi. Shemeji yake Nalinga, aliyevuka mpaka kuja kumwona mpwa wake, alinong'ona, "Kwetu miezi hii uwindaji hufungwa. Wanyama wananyonyesha."

"Hapa haujafungwa, shemeji."

Akafyatua. Baruti ilikuwa imelowa umande. Gobore likatoa moshi kidogo, likanyamaza. Kulungu alishtuka, akageuka, lakini hakukimbia. Nyuma yake akatokea ndama, miguu ikimtetemeka, akaanza kunyonya.

Hokororo alililaza gobore majanini. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Ahsante," alisema.

"Unanishukuru mimi?" Nalinga aliuliza.

Hokororo alilipapasa gobore lake lenye baruti mbichi. Kulungu alikuwa akimlamba mwanawe mgongoni, taratibu, bila haraka yoyote.