Bakuli la Bibi Ilse

Viti vyote vilikuwa vitupu. Kemilembe alikuwa amevuka bahari kuja kusomea huduma za jamii, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kuwakutanisha majirani wa jengo alimopanga. Alikuwa amebandika matangazo kila ghorofa. Sasa mwalimu wake alikuwa akitazama saa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Ilse, jirani aliyempelekea supu alipougua mafua.

"Binti, bakuli langu ulilirudisha na maandazi ndani. Kwa nini?"

Kemilembe akaona haya. "Kwetu, Bibi, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Unisamehe kama nilikosea."

"Umeniponza! Yalikuwa mengi, nikampelekea bwana wa ghorofa ya juu mengine katika bakuli hilohilo. Nikamweleza jinsi ulivyonirudishia. Akalirudisha na matofaa, nami nikampelekea mama mwenye mapacha. Tangu hapo sijaliona tena, na lilikuwa la mama yangu!"

Kabla Kemilembe hajajibu, ngazini zikaanza kusikika kelele za miguu na ubishi. Mlangoni akatokea kijana ambaye hata Bibi Ilse hakuwahi kumwona, amebeba kwa mikono miwili bakuli lililofunikwa, lenye michoro ya maua ya buluu.

"Nimeambiwa mwenyewe yuko huku chini," alisema.

Nyuma yake walijazana watu, kila mmoja na sahani yake, wakibishana ilikuwa zamu ya nani kulijaza bakuli.

Mwalimu akainuka kwenda kutafuta viti vingine. Bibi Ilse alikwisha kuinamia bakuli, akinusa mvuke uliotoka chini ya kifuniko.