Kamera ya Siwatu

Siku hizo kila kamera ilikuwa na jicho la nyama, lililokuzwa kiwandani. Siwatu, aliyetaka kujifunza kupiga picha, alichagua ndogo, ya wanaoanza.

“Ipanguse matongotongo kila asubuhi, dada,” muuzaji alimwelekeza.

Jioni hiyo alimpiga picha mwanawe, Kombo. Ilitoka nzuri ajabu. Lakini asubuhi, alipokuwa akipangusa ute wa njano kwa pamba, jicho lilimkwepa, likawa linamtafuta mtoto. Akaiweka kamera chini haraka. Akapiga simu dukani.

“Hairudishwi, dada,” muuzaji alisema kwa upole. “Jicho limeshamzoea mtoto. Ukiwatenganisha, litalia mpaka lioze.”

Siwatu alipogeuka, Kombo alikuwa ameipakata kamera, akilibusu lile jicho kwenye kope zilizolowa.