Mkono wa Sweta

Kinda alipoinama kupiga, mkono wa sweta yake uligusa mpira mweusi. Mpira ulisogea upana wa kucha. Ilikuwa faulo, na kwenye pool mchezaji muungwana hukiri kosa lake mwenyewe. Mwamuzi alikuwa anapenga kamasi.

Kinda akapiga. Mweusi ukatumbukia.

Ukumbi ukalipuka. Bingwa wa wanawake, akiwa na miaka kumi na sita! Vigelegele vya mama yake vilimchoma masikio.

Bingwa aliyevuliwa taji, mama wa makamo, alikuja kumpa mkono, asiuachie. Alimkunjia sweta taratibu, pindo juu ya pindo, hadi kwenye kiwiko, kama anayemnawisha mtoto. Kinda alikazia macho viatu vyake.

"Hongera, mwanangu," alinong'ona. "Siku nyingine ukunje kabla ya kupiga."