Keki ya Bwana Harusi

Arlene Tackett aliacha pai nne ndani ya oveni, hakuvua hata aproni, akavuka barabara ya mbele ya mahakama kumfuata Verna Hobbs. Magari yalimpigia honi. Hakugeuka.

Mleta barua ndiye aliyemwambia. Alimpa hongera kwa harusi ya mwanawe Wendell, Jumamosi hii, kisha akaropoka kwamba keki anatengeneza Verna.

Kwa miaka thelathini na mmoja keki za harusi za wilaya nzima zilitoka jikoni kwa Arlene. Verna alikuwa mpishi wa shule, duka kalifungua miaka mitano tu iliyopita, na karameli yake hutoka kwenye kopo. Halafu Wendell, mtoto wake wa pekee, aliyejifunza kusimama kwa kuushikilia mguu wa meza yake ya kukandia unga, aende kwa huyo? Ulikuwa wivu, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Wa kulaumiwa alimjua: huyo Shelby, ambaye hakuwahi hata kumwona. Mwezi Agosti Wendell alipiga simu kutoka Nashville. "Mama, mimi na Shelby tunaoana Oktoba," alisema. "Ila kuna jambo nataka nikwambie..." Arlene akamkatiza kwa furaha, akaanza habari za mayai, siagi na keki ya ghorofa tatu. Wendell alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atakuja dukani waongee ana kwa ana. Hakuja. Bila shaka Shelby alimzuia. Wasichana wa mjini huanza hivyo hivyo, leo wanakunyang'anya keki, kesho Krismasi.

Au huenda msichana alisikia habari za kesi. Miaka minne nyuma wanawake wawili waliokuwa wakioana walitaka keki ya harusi yao, Arlene akawakatalia kwa sababu ya imani yake. Walimpeleka mahakamani, na mahakama ikasema ana haki ya kukataa. Watu wengine waliendesha gari mwendo wa saa sita kuja kununua pai zake, wengine wakahamia kwa Verna. Gazeti lenye maneno aliyoyasema kizimbani lilikuwa bado kwenye fremu, kwenye kioo cha mlango wa duka lake, likitazama nje. Lilikaa hapo muda mrefu hata yeye mwenyewe hakulisoma tena.

Alimkuta Verna ameinama juu ya keki ya bwana harusi. Kwa watu wa Tennessee bwana harusi ana keki yake, ya chokoleti, yenye umbo la kitu anachokipenda, kando ya ile nyeupe ya bibi harusi. Hii ilikuwa sanduku la ndoana za kuvulia, na kila ndoana imechorwa kwa aisingi, sukari laini ya kupambia keki. Ilikuwa nzuri. Arlene aliliona hilo na likamuuma. Pembeni yake ilikuwapo nyingine ya chokoleti, yenye umbo la trekta.

"Ya kwanza umeiharibu?" aliuliza.

"Sijaharibu kitu."

"Niachie hiyo oda, Verna. Nitapika bure, sifa uchukue wewe. Mimi siwezi kulishwa karameli ya kopo kwenye harusi ya mwanangu."

Verna alijifuta mikono, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Sikumwita mimi, dada Arlene. Alianza kwako. Nilimwona kwa macho yangu, kasimama mlangoni pako karibu robo saa, anasoma. Ndipo akavuka kuja huku. Na mimi niliomba wiki nzima kabla sijamkubalia."

"Keki tu ndiyo ya kuombea wiki nzima?"

Verna hakucheka. Arlene alikuwa tayari anaangaza macho kwenye rafu, kisha kwenye friji ya vioo, akitafuta kasoro ya kumsuta nayo.

"Ya bibi harusi iko wapi?"

Verna akamsogezea karatasi ya oda bila kumtazama. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa Wendell, ule ule wa kulalia kushoto. Keki ya bwana harusi, Wendell: sanduku la ndoana. Keki ya bwana harusi, Shelby: trekta.

Arlene aliirudisha mezani. Akavuka barabara polepole, na safari hii magari yalisimama kumngoja.

Moshi wa pai ulikuwa ukitoka juu ya mlango. Hakuingia. Alisimama pale aliposimama Wendell, aproni ikiwa bado kiunoni, akasoma kwenye lile gazeti maneno yake mwenyewe yaliyopigwa kwa herufi nene: "Hata akija mwanangu wa kumzaa, jibu langu ni hilo hilo."